Zamu ya Zuhura

Bukavu, Muhumba, usiku

Zuhura mwanangu,

Nakusalimu kupitia ukuta. Wewe uko upande wa pili, mimi niko kwenye meza ya kulia, na najua uko macho kwa sababu kitanda chako hulia kila ukijigeuza. Kesho asubuhi tonton Saidi, mdogo wa baba yako, atakuvusha mpaka wa Ruzizi, mtaendelea hadi Kampala anakoishi, na huko utaanza masomo yako ya famasia. Mimi nitabaki na bibi yako, wajane wawili ndani ya nyumba moja. Ningeweza kuinuka sasa hivi nikaja kukwambia kwa mdomo haya ninayotaka kuandika. Nimeshajaribu mara nyingi. Kila nikifungua kinywa ninageuka mwalimu, nakuuliza kama sweta umeitia kwenye valizi.

Ya sweta, ya dawa za malaria na ya watu wa kuwakwepa kwenye mabasi sitayaandika. Bibi yako ameyasema tangu juzi, tena kwa kurudia, na Saidi atayasema upya njiani kwa sababu hajui kukaa kimya ndani ya gari.

Mimi nina jambo moja. Nataka ukifika huko ulale. Ulale usiku mzima, mpaka kuche, kama watoto wa watu wengine. Nakwambia mapema kwamba sidhani barua itaweza kazi hiyo, usije ukaisoma kwa matumaini makubwa halafu ukaniona mwongo. Lakini tukinyamaza wote wawili tena kama tulivyonyamaza miaka hii, utavuka mto na ule usiku mgongoni, na hakuna atakayekusaidia kuutua.

Unajua kazi yangu. Nawafundisha wauguzi fiziolojia, yaani kila kiungo cha mwili kinafanya nini na kwa nini. Moyo nauweza, figo naziweza, hata ini lenye kazi chungu nzima naliweza. Kuna somo moja tu linalonitoa jasho kila mwaka, nalo ni la usingizi. Hapo mwalimu anasimama mbele ya watu wazima waliolipa karo na kuwaambia kwamba hajui. Tunajua mtu asipolala anaharibika. Panya wakinyimwa usingizi kabisa hufa, na waliowapasua ili waone wamekufa kwa nini hawakukubaliana juu ya sababu. Lakini ukiuliza ubongo unatafuta nini kila usiku, hata ukubali kumwacha mwenyewe amelala chini hajui kinachomjia, wataalamu wanagombana mpaka leo.

Mwaka jana mwanafunzi mmoja aliinua mkono, kijana mpole wa Luvungi, akaniuliza, "Mwalimu, sasa kama bado banabishana, siye tutaandika nini ku examen?"

Darasa zima likacheka, nami nikacheka. Nikamwambia aandike hoja za kila upande, na asimpe ushindi yeyote. Nilipofika nyumbani nilijifungia chooni nikalia, na wewe ukagonga mlango ukidhani tumbo linaniuma. Nilikubali kwamba ni tumbo.

Zamani somo hilo nililipenda. Ndilo lililonifanya nijione msomi, na hapo ndipo mkosi wetu ulipoanzia. Unakumbuka nilivyokuwa nikikusimulia habari za bata. Wakilala kwa mstari, wale walio katikati hufumba macho yote mawili. Walio pembeni kabisa hufumba moja na kuacha lingine wazi kuelekea nje, na nusu ya ubongo wao hulala wakati nusu nyingine inalinda. Ulikuwa ukienda kuwachungulia bata wa jirani jioni, umebeba tochi ya baba yako, na ukirudi unasema, "Maman, ni kweli, mumoja iko ananiangaliaka." Mimi nilikuwa nafurahi mpaka nawasimulia walimu wenzangu.

Halafu wakaja wale wezi wenye bunduki. Mtaa wetu ukajifunza walichojifunza watu wote wa Bukavu: nyumba ikivamiwa, wenyewe hupiga masufuria na kupuliza filimbi, nyumba ya pili hupokea, ya tatu hupokea, mpaka kilima chote kinalia. Bunduki inaua mtu, lakini haiwezi kuua kelele ya mtaa mzima, na mara nyingi wezi walikimbia. Shida yake ni kwamba lazima katika kila nyumba mtu mmoja awe macho. Kwa wengine alikuwepo mzee asiyelala. Wengine walikuwa na mlinzi. Sisi tulikuwa na mimi, mama mwenye vitabu.

Nilikaa chini nikaugawa usiku. Baba yako, aliyekuwa akichelewa kurudi kutoka dukani kwenye vitenge vyake, akae mwanzo. Bibi yako, ambaye huamka kusali kabla ya alfajiri, achukue mwisho. Mimi nikae pale katikati pagumu. Na wewe uliyekuwa na miaka kumi na minne nikakupa sehemu ya pili, kuanzia usiku unapoingia ndani hadi nitakapoamka, kwa sababu kitabu kilisema mwili wa kijana huchelewa kusinzia kuliko wa mtoto na wa mtu mzima. Jambo hilo ni kweli, bado nalifundisha. Baba yako alikataa.

"Mama Zuhura, huyu mutoto iko na masomo," alisema. "Muache alale. Zamu yake miye nitafanya."

"Idi, soma hapa," nikamwambia, nikamwekea kitabu juu ya sahani.

Alisoma kidogo, maana alikuwa na adabu. Akakifunga akakirudisha kwangu. "Ile kitabu haimujui mutoto wetu," alisema.

Nilimwita mtu wa zamani. Nilimwambia kwamba familia ya wachuuzi wa Uvira inajua kupima nguo na haijui kupima watu. Alicheka tu. Baba yako alikuwa akiniacha nishinde, na mimi siku zote nilidhani ni kwa sababu nilikuwa sahihi.

Kitu ambacho kitabu hakikuandika ni kwamba kijana anayechelewa kulala anatakiwa achelewe na kuamka. Wewe shule ilikuwa ikikusubiri asubuhi na mapema, na kutoka Muhumba kuna mteremko na mpando kabla ya kufika darasani. Ulikuwa unapunjwa usingizi juma baada ya juma. Nilikuona unasinzia juu ya uji. Nilikuona siku moja umevaa kandambili za bibi yako kwenda shule. Nilisema ni utoto. Na wewe hukulalamika hata siku moja, na hilo ndilo linaloniumiza nikikumbuka, kwa sababu ulikuwa unaona fahari. Ulikuwa unakaa kwenye korido umevaa koti la baba yako, sufuria mapajani, mwiko mkononi, uso mzito kama wa askari. Ulikuwa ukiniamsha kwa kunishika kidole gumba cha mguu. Nikiamka unanipa ripoti: mbwa wamebweka upande wa ziwa, pikipiki imepita, mvua imeanza. Nilikupenda sana katika ile korido, Zuhura. Nilijiona nimeweka vizuri mambo ya nyumba yangu.

Usiku wenyewe tunaujua wote wawili. Nauandika mara moja ili ujue kwamba naukumbuka kama ulivyokuwa.

Walikuja katika zamu yako. Lilikuwa juma la mitihani. Hawakuvunja kitu, walikata kufuli la geti taratibu. Nilipofumbua macho walikuwa tayari ndani, na taa ya mmoja wao ilikuwa inakumulika. Ulikuwa umekaa palepale, kichwa ukutani, sufuria mapajani, macho yako nusu wazi. Baba yako alitoka chumbani mikono juu, akasimama kati yao na wewe. Aliwaambia, "Vitenge vyote bebeni. Mutoto muache." Wakabeba marobota aliyokuwa akiyahifadhi nyumbani, wakabeba simu. Walipokuwa wanatoka mmoja akageuka akampiga risasi. Sijui kwa nini, na nimeacha kutafuta. Ndipo ulipopiga sufuria, ukapiga mpaka mwiko ukavunjika, na mtaa wote ukapokea, na kelele ile haikuwa na kazi tena. Tulimpakia kwenye gari la jirani. Alikata roho kabla hatujafika hospitali.

Asubuhi, wanawake walikuwa wanatandika mikeka sebuleni. Bibi yako alikuwa amekaa chumbani. Wewe ulikuja kwangu jikoni, bado umevaa lile koti. Nikakuuliza neno moja.

"Ulilala?"

Ukasema, "Sijui, Maman."

Nikageuka nikaendelea kukoka moto. Hatukusema zaidi ya hapo, siku ile wala baadaye. Watu wanadhani mtu huvunjwa kwa fimbo au kwa matusi. Mimi nilikuvunja kwa swali ambalo hata polisi wangeliuliza.

Na ujue hili, ndilo nilitaka kukuandikia kabla mengine yote. Nililijua jibu kabla sijakuuliza. Mwezi uleule nilikuwa nimesimama ubaoni nikiwaeleza wanafunzi kwamba ubongo uliochoka sana haungoji ruhusa. Unaanza kulala vipande vipande wakati mwenyewe amekaa, macho wazi, hata mkono unashika kitu. Kipande hiki kinazimika, kile kinawaka, na mwenye ubongo hana habari. Ukimuuliza kama alilala atakwambia hajui, na atakuwa amesema ukweli mtupu. Jibu lako lilikuwa sahihi kuliko majibu yote niliyowahi kusahihisha. Nilikuuliza kwa sababu baba yako alikuwa amelazwa msikitini akisubiri kuoshwa, na nilitaka awepo mtu aliyekosea ambaye si mimi. Wewe ndiye uliyekuwa karibu.

Tangu hapo hujalala. Unasinzia, ndiyo. Unasinzia darasani, unasinzia kwenye kiti cha msusi, ulisinzia kwenye harusi ya binamu yako mbele ya ngoma. Lakini usiku, zamu yako ikifika, unakaa kitandani umenyooka na kusikiliza. Wezi wale hata majina hatukuwahi kuyajua, bunduki za mji huu zimebadili wenyewe zaidi ya mara moja, na wewe bado unakaa. Nami nasikia ukikaa, kwa sababu nami siko usingizini. Tumekaa hivyo miaka sita, kila mtu upande wake wa ukuta, na hakuna aliyebisha hodi.

Nilikupeleka Katana kwa daktari, unakumbuka tulivyokunywa chai kando ya ziwa tukijifanya tumetembea tu. Yule mzee alikusikiliza vizuri. Ulipotoka nje alinishika mkono. "Maman, dawa itamulalisha," aliniambia. "Kumupumuzisha, ile kazi haiko ya dawa." Nikamuuliza ni kazi ya nani. Akaniangalia kwa huruma, akaandika vidonge. Ulivimeza majuma machache. Ulilala kama gogo na kuamka unalia, ukaniomba tuviache, tukaviacha.

Bibi yako, unavyomjua, ana methali ya kila ugonjwa. Kwa huu wetu alinipa moja tu, jioni moja tukichambua mchele. "La kuvunda halina ubani, mwanangu," alisema, na aliendelea kuchambua. Nilimkasirikia siku tatu. Sasa naona alikuwa mtu pekee aliyeniheshimu kiasi cha kutonidanganya.

Nilijaribu kutafuta msaada kwenye vitabu vyangu, ndiko ninakokujua. Nilifikiri nikielewa usingizi ni wa nini, nitajua umepoteza nini, na nikijua umepoteza nini huenda nitajua kama kinarudi. Niliposoma habari ya kuoshwa kwa ubongo nilifurahi siku nzima. Walisema ukilala, maji ya ubongo hupita kati ya seli na kubeba uchafu wa mchana, kama mama anavyoosha vyombo watu wakishalala. Nikasema, basi, mwanangu ana vyombo vichafu vya miaka, lakini vyombo huoshwa. Baadaye wengine wakapima panya kwa namna yao, wakasema walichoona ni kinyume, panya aliyelala anaoshwa kidogo kuliko aliye macho. Wa kwanza wakajibu kwamba vipimo vya wenzao vina kasoro. Bado wako hapo. Mimi nilibaki na vyombo vyangu mkononi.

Wengine wanasema ni akiba ya nguvu, lakini nguvu inayookolewa kwa kulala ni ndogo, na mtu aliyejilaza tu akiwa macho angepata karibu ileile. Wengine wamechoka kutafuta sababu ndani ya ubongo, kwa sababu konyeza, yule mnyama wa baharini mwenye mwili kama uji ulioganda, hana ubongo hata kidogo na bado analala. Huenda usingizi ulitangulia, ubongo ukaja baadaye ukaukuta. Nikiwaambia wanafunzi hilo wanapenda. Mimi linanitisha. Lina maana kwamba nilikuwa nimekuweka wewe, mtoto mwenye sufuria, ushindane na kitu cha kale kuliko mifupa.

Sasa nikwambie langu mimi, maana kesho sitaweza.

Ninasahau, Zuhura. Si kusahau kwa watu wazima mnakokucheka, funguo na miwani. Juzi nilisimama darasani nikitafuta jina la figo, nikaishika ubavuni mwangu kwa nje kama mtu anayeomba samahani, mpaka mwanafunzi akanitajia. Nimeunguza maharage mara ngapi mwezi huu, wewe unajua, wewe ndiye unayesugua sufuria. Na sauti ya baba yako imeondoka. Maneno yake ninayo, nimekuandikia hapo juu, lakini nikiyasoma nayasikia kwa sauti yangu mwenyewe.

Hapo ndipo ugomvi wa wataalamu ulipoacha kuwa somo kwangu. Wapo wanaosema tunalala ili tukumbuke: usiku ubongo hurudia ya mchana na kuyahifadhi mahali pa kudumu. Kama ni hivyo, mimi nisiyelala ndiye ninayempoteza Idi, usiku baada ya usiku, kwa kukaa macho nikimwaza. Na wapo wanaosema tunalala ili tusahau: mchana seli hushikana sana, na usiku mishiko ile hulegezwa, iliyo hafifu inakatika, ili kesho pawe na nafasi. Kama ni hivyo, nikilala nitaamka naye amepungua. Nimekaa katikati ya makundi mawili ya watu wasionijua, naogopa kulala na naogopa kukesha. Wengine wanasema yote mawili ni kweli kwa pamoja, na sijui nifanye nini na jibu hilo. Sitaki nikudanganye kwamba nina matumaini. Nadhani mwaka utakaorudi na diploma yako, utakuta mama anayekuchelewesha mlangoni kidogo, akitafuta jina lako.

Kama unajiuliza swali lile ambalo najua unajiuliza, kwamba ungekuwa macho baba yako angekuwa hai, nitakujibu kama mwalimu. Haijulikani. Labda ungesikia kufuli, ungepiga, wangekimbia. Labda wangempiga risasi ukiwa unapiga sufuria, au wangekupiga wewe. Hakuna anayeweza kurudia usiku ule mara mbili apime, mara moja ukiwa macho na mara moja ukiwa umelala. Kwa miaka sita tumeishi kana kwamba jibu linajulikana, na aliyelifanya lijulikane ni mimi, kwa neno moja jikoni. Nilikuwa na elimu ya kutosha kukwambia kwamba hakuna mtu wa kulaumiwa katika usingizi wa mtoto. Niliitumia kwa wanafunzi.

Ukitaka wa kumlaumu, yupo. Baba yako alisema muache mutoto alale, na aliyekataa siye aliyefariki. Sisemi hivi ili unionee huruma. Unilaumu kabisa, kwa sauti, ukitaka unipigie mchana uniambie. Ingenipunguzia.

Jioni hii, tulipokuwa tunakula, nilikuona ukipanga kengele ya simu. Nilikuuliza ni ya nini.

"Nitakuwa nakupigia kila usiku, ku saa ya zamu," ulisema. "Ukipokea nitajua muko bazima."

"Na kama sipokee?"

"Nitapigia majirani bote."

Bibi yako alitazama sahani. Mimi nilikuongezea wali. Nimekuja kukujibu hapa.

Usinipigie usiku. Hiyo kengele uifute kabla hujavuka mpaka, nami nitakuuliza kesho kama umeifuta, na ukinidanganya nitajua. Ukipiga sitapokea. Nitaiacha simu ilie, ikibidi nitaizima, na sitafanya hivyo kwa ukali. Nyumba hii ina watu wawili wazima, kufuli mbili na majirani wenye masufuria, na hatuhitaji mlinzi aliyeko Kampala. Mchana piga unavyotaka, hata nikiwa darasani, wanafunzi watavumilia.

Nimeongea na Saidi. Nimeongea na bibi yako, na wale majirani wawili walio na namba yako. Nimewapa agizo moja na nimewafanya walirudie mbele yangu. Likitokea la kutokea hapa usiku, wizi, risasi, ugonjwa, kifo, mtu yeyote asikuamshe. Wasubiri kuche. Wasubiri uoge, unywe chai, ndipo wakuambie. Saidi alikataa mwanzoni, alisema mtoto ana haki ya kujua mara moja. Nilimwambia mtoto huyu alishajua mengi mara moja.

Kwa hiyo ukiwa huko, giza likiingia, na mwili wako ukikaa wenyewe kitandani kusikiliza, jua kwamba hakuna unachoweza kusikia. Hakuna habari itakayokufikia kabla ya asubuhi. Siwezi kukurudishia usingizi, sijui hata ni kitu gani, na wanaojua kuliko mimi hawajui. Hili ndilo pekee nililoweza.

Na kama ni mimi, nitakuwa nimekufa wewe umelala. Sitamuuliza mtu kama ulilala. Nitajua, na nitafurahi.

Mama yako